Usiuzoee Mlio wa Spika za Gari Lako

Kisa hiki kilimpata dereva mmoja wa Dar es Salaam ninayemfahamu kwa karibu. Ni mtu makini. Hubadilisha oili kwa wakati, hukagua upepo wa matairi kabla ya safari, na akiwa kazini hagusi pombe. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nasimulia habari za mtu mzembe. Makosa aliyoyafanya ni ya kawaida, na sisi wengi tunaoendesha magari yaliyofungwa redio na mafundi wa mitaani tuko kwenye njia ileile aliyopita yeye. Mimi pia nimo. Ameniruhusu niyaeleze yote ili wengine wajifunze, ila jina lake nisilitaje.

Alinunua gari la abiria lililokwisha kutumika Japani. Kama ilivyo kwa magari mengi ya huko, redio yake ilitengenezwa kwa masafa ya Kijapani, ambako kwa miaka mingi FM ilianzia megahezi 76 na kuishia 90. Vituo vyetu viko kati ya 88 na 108, kwa hiyo redio ile ilikamata vituo vichache vya mwanzo tu. Wako wanaofungiwa konveta, kifaa kidogo kinachoshusha masafa ya vituo vyetu hadi redio ya Kijapani iweze kuyakamata. Yeye aliona heri abadilishe redio yote. Na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupeleka watu kwenye harusi na shughuli za mikoani, akaongeza amplifaya na sabufa chini ya kiti cha nyuma ili abiria wafurahie safari.

Kazi ilifanyika Kariakoo, kando ya barabara, kwa saa chache. Fundi alikuwa kijana mchangamfu na mwepesi wa mikono. Alivuta waya mnene wa umeme kutoka kwenye betri, akaupitisha chini ya kapeti hadi nyuma. Nyaya za sauti, zile zenye vichwa vyekundu na vyeupe, akazipitisha upande huohuo na kuzifunga pamoja na ule mnene kwa utepe mweusi, zikawa nadhifu. Waya wa athi, yaani ule mweusi unaorudisha umeme kwenye bodi la gari, akaukaza kwenye bolti ya mkanda wa kiti, juu ya rangi, bila kukwangua. Fyuzi karibu na betri hakuweka, kwa maelezo kwamba amplifaya ina fyuzi zake. Alipowasha, muziki ulitoka mzito na safi. Wakalipana, wakaagana vizuri.

Dalili ya kwanza ilijitokeza siku hiyohiyo. Alipopunguza muziki ili aongee na simu, alisikia spika zikitoa mlio mwembamba. Akikanyaga mafuta, mlio unapanda. Akiachia, unashuka. Akazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho wa chini, mlio ukabaki palepale. Kesho yake alirudi kwa fundi.

"Fundi, hii redio inapiga mluzi kila nikikanyaga mafuta."

"Aah, bosi, hiyo kawaida tu. Redio za siku hizi ndivyo zilivyo. We ongeza sauti, hutausikia."

Na kweli, alipoongeza sauti hakuusikia. Jibu lile likamtosha, na mimi siwezi kumlaumu. Mtu asiye fundi akiambiwa na fundi kwamba jambo ni la kawaida, kwa kawaida huamini. Lakini hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na ningependa tusimame kidogo tuone mlio ule ulikuwa unasema nini.

Ulikuwa unasema mambo mawili. Kupanda na kushuka kwake pamoja na injini kulionyesha kwamba chanzo chake ni kitu kinachozungushwa na injini, na kwa mlio mwembamba wa aina ile mtuhumiwa wa kwanza ni umeme unaotoka kwenye altaneta. Kubaki kwake sauti ilipopunguzwa hadi sifuri kulionyesha mahali ulipokuwa unaingilia. Kitufe cha sauti hudhibiti kila kilichofika kwenye redio. Kelele isiyokitii kitufe hicho imeingia baada yake: kwenye nyaya za sauti, kwenye amplifaya, au kwenye athi. Dereva alikuwa ameshika mkononi nusu ya jibu tangu siku ya kwanza, bila chombo chochote cha kupimia, ila hakuna aliyemwambia kwamba lile ni jibu.

Tuielewe altaneta kidogo, maana ndiyo kiini cha kisa hiki. Altaneta huzungushwa na mkanda wa injini. Umeme unaozaliwa ndani yake hubadili mwelekeo, unakwenda na kurudi mara nyingi kila sekunde. Betri na vifaa vya gari vinahitaji umeme unaokwenda upande mmoja tu. Kazi ya kuunyoosha hufanywa na daiodi, vipande vidogo vinavyouruhusu umeme kupita upande mmoja na kuuzuia usirudi. Katika altaneta nyingi daiodi kuu ni 6. Zikiwa nzima zote, umeme unaofika kwenye betri huwa umetulia, ingawa bado una mawimbi madogo. Moja ikifa au ikianza kuvuja, mawimbi huwa makubwa. Injini ikizunguka haraka, mawimbi hukaribiana, na ndiyo maana mlio hupanda unapokanyaga mafuta.

Siku ile ya kwanza altaneta ya dereva wetu ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye ufungaji. Redio ilikuwa na athi yake mbele kwenye dashibodi, amplifaya ilikuwa na ya kwake nyuma, na ile ya nyuma ilikuwa imekaa juu ya rangi, haishiki bati vizuri. Umeme unaokosa njia safi ya kurudi hutafuta njia nyingine, na njia iliyokuwepo ni nyaya za sauti. Mawimbi madogo ya altaneta, ambayo katika gari lililofungwa vizuri hayasikiki kabisa, yakapita humo na kukuzwa na amplifaya. Kulaza nyaya za sauti sambamba na waya mnene wa umeme kulizidisha tatizo.

Kwa hiyo mlio wa kwanza ulitokana na hitilafu ndogo, ambayo ingerekebishwa kwa msasa, bolti na muda mfupi wa kazi. Hasara yake kubwa haikuwa kelele. Hasara yake ilikuwa kwamba dereva aliuzoea. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu ya mazoea haya ni kwamba yalimziba masikio. Baada ya miezi kadhaa, mlio wa pili ulipokuja, alidhani ni uleule wa kwanza.

Na mlio wa pili haukuja kimya. Ulikuwa mzito zaidi. Ulisikika hata muziki ukiwa juu kiasi. Ulikua pale alipowasha taa kubwa au feni ya AC, jambo ambalo mlio wa zamani haukulifanya kwa kiwango hicho. Hii ndiyo dalili ninayomsihi kila mwenye gari aikumbuke: kelele iliyobadilika ni kelele mpya. Hata kama ulishaambiwa kwamba ile ya zamani haina madhara, hukumu hiyo haihusu hii ya sasa. Kubadilika kwenyewe ni habari. Altaneta inayotoa mlio mkubwa zaidi kila unapoiongezea mzigo inakwambia kwamba inalemewa.

Safari hii dereva alichoka na kelele, akaenda duka la vifaa vya redio. Akauziwa filta, kile kidude kinachofungwa kwenye waya wa umeme unaoingia kwenye redio. Mlio ukapungua sana, naye akafurahi. Lakini filta haikugusa altaneta. Ilikuwa sawa na kumeza vidonge vya maumivu huku malaria ikiendelea mwilini: joto linashuka, mgonjwa anaamka kitandani, na ugonjwa unapata muda wa kumla taratibu. Sisemi filta ni kitu kibaya. Ina mahali pake, baada ya kuhakikisha kwamba altaneta ni nzima, athi ni safi na nyaya zimepita panapofaa. Ikitangulia kabla ya uchunguzi, inazima taarifa na kuacha tatizo.

Baada ya hapo dalili zilihama kutoka kwenye spika, zikaanza kuonekana kwa macho. Usiku, gari likiwa limesimama kwenye foleni huku linaunguruma, taa za mbele zilififia na kucheza kidogo, kisha zikarudi alipokanyaga mafuta. Alama nyekundu ya betri kwenye dashibodi ilikuwa na mwanga hafifu sana, ambao mchana hauonekani na usiku unaonekana ukiinama kuutazama. Aliuona. Alisema moyoni kwamba taa ya hatari ikiwaka huwaka sawasawa, na hii haijawaka. Wengi wetu tunaamini hivyo. Ukweli ni kwamba daiodi zikianza kuharibika, taa ile inaweza kumeta kwa mbali tu, kwa sababu altaneta bado inachaji kidogo. Mwanga hafifu wa taa ya betri una uzito uleule wa mwanga mkali.

Kisha yakaja matatizo ya asubuhi. Gari lililolazwa usiku likiwa zima liliamka kwa shida, stata ikizunguka kwa uvivu. Daiodi inayovuja huruhusu umeme wa betri kurudi ndani ya altaneta usiku kucha, gari likiwa limezimwa. Dereva akahukumu kwamba betri imezeeka, akanunua mpya. Gari likaanza kuwaka kwa mara moja, na akaamini tatizo limekwisha. Betri mpya ni msaidizi mkubwa wa altaneta mbovu. Ina akiba nyingi, na akiba hiyo huficha upungufu kwa muda. Bahati mbaya, akiba ikiisha huisha ghafla, na mara nyingi huisha pale matumizi yalipo makubwa kuliko siku zote.

Kulikuwa na nafasi moja ya mwisho ya kuokoa mambo. Fundi mmoja wa jirani, alipoambiwa habari za taa kufifia, alisema atapima altaneta. Aliwasha injini, akafungua tamino ya betri na kuinyanyua huku gari likiendelea kuunguruma. Injini haikuzimika. "Umeona, kaka? Altaneta yako nzima. Ingekuwa mbovu gari lingezima hapohapo."

Kipimo hiki kimeenea mno kwenye gereji zetu, na naomba tukiache. Kwanza, hakipimi tunachotaka kujua. Altaneta yenye daiodi moja iliyokufa bado inaweza kuzalisha umeme wa kutosha kuendesha injini inayounguruma bila mzigo, kama ilivyotokea siku ile. Pili, kinaweza kuua vifaa. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiitoa ghafla injini ikiwa inazunguka, volti zinaweza kuruka juu kupita kiasi kwa muda mfupi sana, na muda huo unatosha kuunguza kompyuta ya gari, redio au daiodi zilizobaki. Siwezi kusema kwa uhakika kwamba kipimo kile ndicho kilichoimaliza altaneta ya dereva wetu. Ninachojua ni kwamba kilimpa imani asiyostahili kuwa nayo, na kwa imani hiyo akakubali safari ya usiku.

Alikuwa amepeleka familia Morogoro, wanarudi Dar es Salaam. Walichelewa kuondoka, giza likawakuta njiani, na mvua ikaanza kunyesha. Sasa hebu tuhesabu alichokuwa amewasha. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja hula takriban ampea 9 kwa pamoja. Waipa zilikuwa zinafanya kazi mfululizo. Feni ilikuwa kwenye nguvu ya juu ili kioo kisipate ukungu. Juu ya hayo kulikuwa na pampu ya mafuta, mfumo wa kuwashia injini, redio, amplifaya na sabufa. Altaneta nzima ingeubeba mzigo huo. Yake haikuweza, na kila kilichopungua kilichotwa kwenye betri.

Walipopita Chalinze, kabla ya kufika Mlandizi, sabufa ilianza kukatika kila mdundo mzito ulipopiga. Kisha redio ikazima, ikawaka, ikazima tena. Watoto walilalamika kwamba wimbo umekatika. Dereva alidhani waya umelegea. Hii ilikuwa dalili ya mwisho, na ilikuwa ya wazi kuliko zote: amplifaya na redio nyingi hujizima volti zinaposhuka chini ya kiwango zinachohitaji. Redio ikizima yenyewe usiku huku injini inaendelea, shuku umeme wa gari zima. Zima kila usichokihitaji na utafute mahali salama pa kusimama wakati gari bado lina nguvu za kukufikisha hapo.

Hakusimama. Taa za mbele zikawa za njano, kisha zikabaki nyuzi nyekundu. Waipa zikatambaa. Injini ikatetereka na kuzimika, na gari likasimama nusu barabarani, nusu pembeni, bila taa yoyote, mvua inanyesha, malori yanapita pande zote mbili. Taa za tahadhari nazo hazikuwaka, kwa sababu hakukuwa na umeme wa kuziwasha. Abiria walishuka gizani. Mmoja aliteguka mguu alipotumbukia kwenye mtaro. Waliweka pembetatu, wakaongeza matawi nyuma yake kama desturi ya barabara zetu, na kumulika kwa simu. Lori moja lilikwepa dakika za mwisho, likipiga honi kwa nguvu. Hakuna aliyekufa. Lakini kila mmoja wao alielewa jinsi ambavyo ingeweza kuwa.

Gari lilivutwa hadi kwa fundi umeme wa magari, mzee aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Hakufungua kitu kwanza. Aliuliza maswali: kelele ilianza lini, ilibadilika lini, taa zilianza kufifia lini. Kisha akachaji betri, akawasha injini na kuweka mita. Volti hazikupanda kama inavyotakiwa. Akageuza mita kwenye kipimo cha umeme wa kwenda na kurudi, na mita ikaonyesha mawimbi makubwa pasipotakiwa kuwa na mawimbi. Alipoifungua altaneta, daiodi mbili kati ya 6 zilikuwa zimeungua.

"Mwanangu," alimwambia, "hii haikufa jana. Imekuambia muda mrefu."

"Nilisikia, mzee. Nilidhani ni ule mlio wa siku zote."

Mzee hakuishia kwenye altaneta. Aliinua kapeti akaukuta ufungaji wa zamani. Athi ya amplifaya aliihamisha kutoka kwenye bolti ya mkanda. Bolti ile ni ya kulinda uhai wa abiria na haipaswi kufunguliwa wala kuwekewa kitu kingine. Alitoboa mahali pengine kwenye bati, akaangalia kwanza chini yake kama hakuna tangi wala bomba, akakwangua rangi hadi bati likang'aa, akakaza waya mfupi wenye unene sawa na ule wa umeme na kupaka grisi juu yake kuzuia kutu. Nyaya za sauti akazihamishia upande wa pili wa gari. Kwenye waya mnene akaweka fyuzi karibu na betri. Alipowasha, filta ikiwa imekwisha kutolewa na sauti ikiwa sifuri, spika zilikuwa kimya kabisa. Kumbe hata ule mlio wa kwanza, ulioitwa wa kawaida, haukuwa wa kawaida.

Kuhusu fyuzi, naomba tusiichukulie kirahisi. Fyuzi iliyo ndani ya amplifaya huilinda amplifaya. Haiulindi waya uliopita mita kadhaa chini ya kapeti, karibu na vyuma vyenye ncha na viti vinavyosogezwa. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi, betri itatoa umeme wake wote kwa kishindo, na waya utawaka moto ndani ya gari. Ndiyo maana fyuzi huwekwa ndani ya sentimita 45 hivi kutoka kwenye betri. Na fyuzi ikiungua, iwekwe nyingine ya kiwango kilekile baada ya kutafuta sababu. Kuweka kubwa zaidi, au kuziba kwa kipande cha waya, ni kuondoa ulinzi huku hatari ikiwa imeshajitangaza.

Basi tufanye nini sisi ambao bado tuko salama? Tuanze kwa kusikiliza kwa utaratibu kabla ya kununua chochote. Washa gari likiwa limesimama, punguza sauti hadi sifuri, kanyaga mafuta taratibu. Mlio mwembamba unaopanda na injini unaelekeza kwenye altaneta, athi au mpangilio wa nyaya. Kelele za tik-tik zinazoharakisha pamoja na injini mara nyingi hutoka kwenye plagi na nyaya zake. Mvumo unaokuwepo ufunguo ukiwashwa kabla injini haijawaka unaweza kutoka kwenye pampu ya mafuta au feni. Kelele ikisikika kwenye vituo vya redio tu, na kwenye USB hakuna kitu, chunguza antena na vifaa vya karibu, zikiwemo taa za LED za bei rahisi. Na kama umeunganisha simu kwa waya wa sauti huku inachajiwa ndani ya gari, chomoa chaja kwanza. Mara nyingi tatizo zima huishia hapo.

Baada ya kusikiliza, tupime. Mita ya kawaida ni chombo cha bei nafuu, na hata usipokuwa nayo una haki ya kumwomba fundi atumie ya kwake mbele yako. Betri nzima iliyopumzika huonyesha karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, magari mengi huonyesha kati ya 13.8 na 14.4, na volti hizo zisiporomoke ukiwasha taa na feni. Kisha kipimo cha umeme wa kwenda na kurudi kifanyike palepale kwenye tamino za betri, injini ikiwa inazunguka na taa zimewashwa. Kiasi kinapaswa kuwa kidogo sana. Kikizidi nusu volti, daiodi zishukiwe. Tahadhari moja: baadhi ya mita rahisi hudanganya kwenye kipimo hiki, kwa hiyo pima kwanza injini ikiwa imezimwa. Ikionyesha namba kubwa hata hapo, tafuta mita nyingine.

Tusisahau athi zenyewe za gari, ule waya unaotoka kwenye tamino hasi ya betri kwenda kwenye bodi, na ule unaounganisha injini na bodi. Sisi tunaoishi pwani, kuanzia Mtwara hadi Mombasa na Lamu, tunaishi na hewa yenye chumvi, na chumvi inaozesha viungo hivi kimyakimya. Kuvifungua, kuvisugua na kuvikaza upya ni kazi ndogo yenye faida kubwa kwa taa, stata na redio. Na fundi akikufungia amplifaya, mwombe asitumie kitufe cha geini kuongeza ukubwa wa sauti. Geini ikipandishwa mno hukuza kila kelele iliyomo.

Nimejiuliza mara nyingi ningefanya nini kama ningekuwa mahali pa dereva yule. Ningeambiwa ni kawaida, ningeamini. Ningeona filta inanyamazisha mlio, ningeshukuru. Sina sababu ya kujiona bora kuliko yeye, maana kila hatua aliyoichukua ilionekana ya busara wakati ule. Kilichokosekana ni swali moja tu lililopaswa kuulizwa kila mara: kelele hii inatoka wapi? Aliuliza itaondokaje, na kila aliyemjibu alimjibu hilo.

Ndugu msomaji, kama gari lako lina mlio uliouzoea, usisubiri ubadilike. Hitilafu ndogo uliyoivumilia ndiyo itakayokuzuia kuitambua kubwa itakapokuja, kwa sababu zote mbili zitaingia sikioni kwa mlango mmoja. Mpelekee fundi maelezo, usimpelekee kelele tu. Mweleze mlio ulianza lini, unapanda na nini, unabaki au unaondoka sauti ikiwa sifuri. Akikujibu kwamba ni kawaida, mwombe kwa upole apime kabla hujakubali. Akitaka kunyanyua tamino injini ikiwa inawaka, mkataze. Na usiende safari ya usiku na watu wa familia za wenzako ilhali taa ya betri inameta, hata kama inameta kwa mbali sana.